Mizunguko Miwili kwa Mkono

Ukitangaza tu kwamba unatafuta gari dogo Dar es Salaam, ushauri utaupata bure na hautaisha. Angalia namba, usichukue A wala B. Kagua rangi kama haijarudiwa. Washa AC uiache dakika kumi. Watu watabishana mpaka usiku juu ya IST na Vitz, ipi inauzika haraka ukikwama. Swali la kama injini inakwenda kwa belti au kwa cheni hulisikii barazani. Utalisikia kwa fundi, na si kwa kila fundi.

Nataka kumsifu mmoja wao. Jina lake nalihifadhi, maana mwenyewe si mtu wa kutangazwa. Yuko Upanga, kwenye kiwanja chembamba nyuma ya maghorofa, si mbali na Barabara ya Umoja wa Mataifa, chini ya mwarobaini. Hana kibao. Wateja wake ni wauguzi wa Muhimbili, wazee wa maghorofani, madereva wa teksi za mtandao na wafanyabiashara wa Kariakoo wanaovuka Faya kumfuata. Wote wanamwita Mzee. Kazi zote za injini anazifanya, lakini mimi hupenda zaidi kumwangalia akilikagua gari kabla halijanunuliwa, na akibadilisha belti ya taimingi likishanunuliwa. Hiyo ya pili ni kazi isiyo na sifa. Mteja akiondoka hana kitu cha kumwonyesha jirani, kwa kuwa gari linatembea vilevile lilivyokuja.

Belti hiyo ina jukumu moja tu, kuzifunga pamoja shafti mbili zisipoteane. Chini kuna krenkishafti inayozungushwa na pistoni. Juu kuna kamshafti inayofungua na kufunga valvu. Krenki ikizunguka mara mbili, kamu izunguke mara moja kamili, isizidi wala isipungue. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, ambao ni mwendo wa kawaida kabisa Barabara ya Bagamoyo ikiwa wazi, kila valvu hufunguka mara 25 katika sekunde moja. Anayeshika hesabu hiyo ni mkanda wa mpira wenye meno, upana wake kama vidole viwili, uliofichwa nyuma ya kava la plastiki.

Na mkanda wenyewe ulianzia kwenye gari dogo. Kampuni ya Glas ya Ujerumani, iliyokuwa imeshajipatia jina kwa kigari chake cha Goggomobil, ndiyo iliyotangulia kuuweka kwenye gari la kuuzwa kwa wingi, Glas 1004, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mpira ulikuwa rahisi kuliko cheni, mwepesi, haupigi kelele wala hauhitaji kulowekwa kwenye oili. Toyota nayo iliutumia miaka mingi kwenye magari yake madogo, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kurudi kwenye cheni. Soko letu la magari yaliyotumika likagawanyika hapo. Starlet, iliyokoma kutengenezwa 1999, ni belti. Vitz iliyochukua nafasi yake mwaka huohuo ni cheni. Corolla 110 ni belti. IST na Passo ni cheni. Kirikuu ya zamani yenye injini ya F6A ni belti, ya baadaye yenye K6A ni cheni.

Hapo mnunuzi akikariri majina tu ataumia, kwa sababu yako majina yaliyobeba injini mbili. Raum ya kwanza, ya kuanzia 1997, ina injini ya 5E yenye belti; Raum ya kuanzia 2003 ina 1NZ yenye cheni. Corolla Spacio ya kwanza ilikuja na 4A, belti. Ya kuanzia 2001 ikaja na cheni. Ukimpigia Mzee simu ukamwambia "nimeona Raum", atakuuliza kwanza taa za nyuma zikoje, halafu atakwambia ulilete, ukikumbuka usiliwashe mapema.

Hilo la kutoliwasha mapema analisisitiza kuliko jambo jingine lolote. Gari likifika, kabla ya salamu kwisha, anaweka mgongo wa kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, anaomba liachwe hapo hapo mpaka asubuhi. Madalali hawapendi. Wanajua kwamba injini baridi husema mengi ambayo ikishapata moto huyanyamazia, hasa ile ya cheni. Tenshena ya cheni husukumwa na oili, na asubuhi oili imeshuka yote chini. Cheni iliyovutika itakwaruza kwa sekunde chache gari likiwashwa, upande wa puli, kisha mlio unapotea. Mzee husimama upande huohuo kabla ufunguo haujazungushwa, na huwaomba watu waache kuongea.

Watu wengi hununua Vitz au IST kwa imani kwamba cheni haina habari. Kweli haina tarehe ya kubadilishwa kama belti. Lakini cheni inaishi ndani ya oili, na mwenye gari aliyeacha oili mpaka ikawa lami ameshaila cheni ya mnunuzi anayefuata. Ndiyo sababu Mzee hufungua kifuniko cha kujazia oili na kutazama chini yake kwa tochi. Pakiwa na utando mweusi mzito, atamwambia mteja bila kupamba kwamba hiyo cheni si ya kuaminiwa, na kwamba kuibadilisha ni kazi ndefu na ghali kupita belti. Hapo nimeona watu wakikasirika. Walikuja wakitaka kuambiwa wachukue.

Siku moja alikuja muuguzi na Spacio ya zamani, dalali akiwa naye.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limelala wapi?"

"Kwake huyu kaka. Anasema lilikuwa la mama mmoja wa Mbezi."

Dalali akadakia: "La kwenda kanisani na sokoni tu, Mzee wangu. Halijachoka hata kidogo. Na belti ilishabadilishwa hukohuko Japani, karatasi ipo."

Karatasi ilikuwepo kweli. Gereji za Japani hubandika kijikaratasi ndani ya chumba cha injini au kwenye ukingo wa mlango wa dereva belti inapobadilishwa, na kuandika tarehe na kilometa. Mzee hasomi Kijapani, lakini herufi za belti ya taimingi amezizoea kwa sura, hazichanganyi na za karatasi ya oili. Mwaka nao haumpi taabu. Wajapani huandika mwaka wa enzi ya mfalme wao, kwa hiyo unaweza kukuta 17 au 20 pale unapotarajia 2005 au 2008. Enzi ya Heisei ilianza 1989, basi unajumlisha 1988. Ya Reiwa ilianza 2019, unajumlisha 2018. Karatasi ya Spacio ilisema mwaka wa 17 wa Heisei, kilometa 71,000. Dashibodi ilisema 94,000.

"Unaona, Mzee? Imetembea elfu ishirini na tatu tu. Belti inabadilishwa kwa laki moja."

Mzee hakubishana naye juu ya dashibodi, ingawa kila mtu mjini anajua kilometa zinavyorudishwa. Alimgeukia muuguzi. Belti ni mpira, akamwambia, na mpira hauzeeki kwa kutembea tu. Unazeeka kwa miaka, na joto la chini ya boneti linazidi kuuzeesha. Belti ya 2005, hata gari lingekaa limefunikwa turubai, ni ya kutoa. Kuhusu zile laki moja, alimpa hesabu ambayo nimeirudia kwa watu wengi tangu siku ile. Injini ikiwa sailensa inazunguka kama mara 750 kwa dakika. Foleni ya saa moja Barabara ya Morogoro ni mizunguko 45,000, na dashibodi inaweza isiongeze hata kilometa moja. Laki moja ya Dar es Salaam si laki moja ya barabara kuu ya Japani.

Kwa hiyo anayo sheria moja, wala hajawahi kuilegeza mbele yangu: gari la belti lisilo na tarehe inayoaminika linahesabiwa kuwa belti yake imekwisha. Haijalishi mwonekano. Nadhani hapa ndipo busara ya ufundi wake ilipo. Belti za siku hizi hazikatiki nyuzi na kupasukapasuka waziwazi kama zile za zamani. Ndani zina nyuzi za kioo, na meno yamevikwa kitambaa cha nailoni. Inaweza kuonekana nyeusi na safi hadi siku ya mwisho. Fundi anayefungua kava, akaiminya kwa kidole na kutamka kwamba "bado nzima" anampa mteja faraja asiyokuwa nayo. Kenya wamezuia kuingiza magari yaliyozidi miaka minane. Kwetu yanaingia, mwenyewe akilipia uchakavu, kwa hiyo Upanga na Kariakoo gari la miaka ishirini na zaidi bado linapata mnunuzi, na suala la belti litatuandama muda mrefu.

Kingine kilichonifanya nimheshimu ni kwamba hauzi hofu. Mafundi wengine wakitaja belti hutaja na kifo cha injini, mteja alipe haraka. Mzee alimweleza muuguzi kwamba 4A ni injini ya huruma. Belti ikikata, gari litazima tu, kwa kuwa pistoni haifiki ilipo valvu, na 5A na 7A ni hivyohivyo. Utavutwa, utafungiwa belti mpya, utaondoka. Hatari ni mahali utakapozimikia, na kuzimikiwa usiku bondeni Jangwani mvua ikinyesha si jambo dogo kwa mwanamke anayetoka zamu. Lakini mwenye Mark II GX110 yenye 1G, au Hiace ya dizeli yenye 3L, au Prado ya 1KZ, huyo humwambia ukweli mwingine. Kule belti ikikata, pistoni zinagonga valvu, valvu zinapinda, hedi inashushwa. Kwenye dizeli hizo kuna taa ya T-BELT inayowaka kila kilometa 100,000, na Mzee huangalia kama inawaka ufunguo unapofunguliwa. Isipowaka kabisa, anajua kuna aliyeitoa balbu.

Bei ya belti, tenshena na kazi ikakatwa kwenye bei ya gari. Dalali alinung'unika, akakubali.

Spea hununuliwa Gerezani, na kijana wa kazi ndiye anayetumwa, ila si kwa jina la gari. Huenda na belti kuukuu mkononi. Huko Gerezani na Shaurimoyo utapata ya kila bei, na boksi zuri si ushahidi. Mzee anapenda Bando na Mitsuboshi, zote za Kobe, na beringi za Koyo au NSK. Ikiletwa, anaifungua, anailaza juu ya ile ya zamani, anahesabu meno kumikumi akiweka alama ya chaki. Jino moja likipungua inarudi dukani. Halafu anaishika kama inavyotaka kushikwa, imekaa duara kwenye viganja. Haikunji, haisokoti, haiigeuzi ndani nje, kwa sababu nyuzi za kioo zikivunjwa na mkunjo hazionyeshi, zinasubiri mpaka zikatike barabarani. Niliwahi kumwona akikataa belti iliyofungwa kwa mpira wa kufungia noti ikakunjika katikati, ingawa ilikuwa orijino na bei yake ilikuwa nzuri.

Kazi yenyewe kwenye Spacio inaanzia mbali na belti. Gurudumu la mbele kulia linatoka. Jeki inawekwa chini ya injini na kipande cha mbao katikati isije ikatoboa sampo, ndipo mauntingi ya kulia inafunguliwa. Mikanda ya nje inatoka, plagi zote zinatoka ili injini iwe nyepesi kuzungushwa kwa mkono, kifuniko cha valvu kinatoka. Bolti anazipanga kwenye trei kwa mpangilio wa zilikotoka. Mara nyingi hukuta bolti za kava la belti hazitimii: fundi wa kabla yake alikuwa na haraka akarudisha mbili kati ya nyingi, mchanga na maji ya masika vikapata mlango. Mzee hana subira na jambo hilo. Ana kopo lake la bolti za spana namba kumi, na gari haliondoki bila kava kutimia.

Kisha zinatafutwa alama. Mkato kwenye puli ya krenki uangukie sifuri ya kava. Halafu anapanda juu kutazama tundu dogo kwenye puli ya kamu, lilingane na alama ya kifuniko cha beringi nyuma yake. Hapa ndipo vijana wenye pupa hupotea. Kwa kuwa krenki huzunguka mara mbili kwa kila mzunguko mmoja wa kamu, alama ya chini inaweza kukaa sawasawa wakati ya juu imelala upande wa pili kabisa. Dawa yake ni kuzungusha krenki mzunguko mmoja zaidi. Na anazungusha upande mmoja tu, wa kwenda saa. Akipitiliza hata kidogo harudishi nyuma, maana kurudisha kunaulegeza upande wa belti unaopaswa kuwa umekaza. Anazunguka upya mpaka afike tena, huku jasho likimtoka, ingawa mtu angeweza kusema ni milimita mbili tu.

Kuna doa la rangi nyeupe lililoachwa na fundi aliyetangulia? Analifuta kwa petroli. Hujui aliyepaka alikuwa anaona nini, huwaambia vijana wake. Alama ya kiwanda ndiyo ya kusoma. Akishaipata ndipo anaweka doa lake mwenyewe kwa kalamu ya kufutia makosa.

Bolti kubwa ya puli ya krenki ni mtihani wa tabia. Njia ya mkato inajulikana gereji zote: egemeza mpini wa spana kwenye chasisi, piga starta, injini iifungue yenyewe. Nimewaona wanaofanya hivyo wakicheka. Mzee hafanyi. Anaishika puli kwa chuma alichochomelea mwenyewe, anaongeza bomba kwenye mpini, anavuta taratibu mpaka bolti ilie. Spana iliyochomoka kwa nguvu ya starta haichagui inakokwenda, na anawahesabu vijana wake vidole kwa makini.

Belti ikitoka, kabla hajagusa mpya, anakagua majirani zake. Oili sili ya kamu na ya krenki zikivuja, zinabadilishwa siku hiyohiyo, kwa kuwa oili inaulainisha mpira na kuuharibu mapema. Beringi ya tenshena anaizungusha karibu na sikio. Kwenye RAV4 na Noah za 3S anaitazama na pampu ya maji, ambayo inazungushwa na belti hiyohiyo; kubadilisha belti ukaiacha pampu iliyoanza kulia ni kumwandalia mteja kazi ya pili kwa pesa yake.

Belti mpya inaingia kuanzia krenki, upande usio na tenshena ukiwa umenyooka kabisa, halafu kamu, halafu inashuka. Anailegeza bolti ya tenshena, springi inavuta. Sasa anachukua spana na kuizungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili kamili, polepole, akisikiliza kwa kiganja kama kuna mahali panapogoma. Anarudi juu kuangalia alama. Anashuka kuangalia ya chini. Ndipo anakaza tenshena, na anarudia mizunguko yake miwili, anaangalia tena zote mbili. Kazi ya starta bado. Kitu cha kugoma kikigoma mkononi ni hasara ya dakika chache. Kikigoma kwenye starta, kwa injini isiyo na huruma, ni valvu.

Mwenye gari akiwa amesimama pembeni na simu sikioni, hiki ndicho kipande kirefu kuliko vyote, kwani hakuna kinachofunguliwa wala kufungwa. Ni mzee ameinama anazungusha spana. Ningekuwa na uwezo ningewaketisha hapo wote wanaolalamikia bei ya fundi.

Muuguzi aliondoka na gari lake jioni, na karatasi mpya ndani ya boneti, tarehe na kilometa, kwa Kiswahili. Kazi iliyofuata ilikuwa Kirikuu ya F6A ya mfanyabiashara wa viazi, na hiyo Mzee alimpa kijana wake mkubwa aifanye mwanzo mpaka mwisho. Yeye alisimama nyuma. Kijana alipomaliza mizunguko yake ya kwanza, akainama kutazama, akanyanyuka.

"Umeona nini?"

"Ya juu imepitiliza jino moja, Mzee."

"Basi toa."

Mwenye viazi akalalamika kwamba mzigo wake unasubiriwa Kariakoo na jino moja si kitu. Mzee akamwelekeza kwenye kijiwe cha bodaboda barabarani, na kijana akaanza kulegeza tenshena.